Leso ya Mlangoni

Ibada ya Jumapili katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Kaloleni na Bahati hata Umoja na Kayole, aghalabu haianzi madhabahuni bali mlangoni, ambapo husimama mama wa makamo mwenye leso mbili tatu begani, naye kabla ya kumtazama mja usoni, macho yake hushuka kwanza magotini. Binti aliyevaa sketi fupi hupewa moja kwa neno la upole, "Jifunge hii, mwanangu," naye huipokea kwa tabasamu lenye soni, akaenda zake kuketi.

Siyaiti hayo jeuri. Walakini yafaa tujiulize andiko linalotegemewa hapo lasema nini hasa. Katika Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952, waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, watumia neno kujisitiri, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo kwa mtu wa pwani hubeba pamoja sitara ya mwili na sitara ya jina la mtu. Lakini yanayokatazwa hapo kwa kutajwa ni misuko ya nywele, dhahabu, lulu na nguo za thamani, na waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, wafuata njia iyo hiyo. Urefu wa pindo hautajwi. Katika miji ya dola ya Rumi, ambako mtumwa na tajiri walisali chini ya dari moja, libasi ya fahari ilimzidishia fukara unyonge. Kwa hiyo, nionavyo mimi, aliyeonywa zaidi pale ni mwenye mkufu kuliko mwenye paja.

Ndugu wa uamsho, ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukaingia Kenya mwaka 1937, waliielewa hoja hiyo vizuri, maana wengi wao waliona mapambo yenyewe kuwa ni mzigo wa kuachwa. Nao Wakristo wa Akorino, ambao vilemba vyao vyeupe havikosekani katika matatu yoyote ya Barabara ya Jogoo, hufunika vichwa waume kwa wake, hata stara kwao si deni la mwanamke peke yake.

Kilichobadili mizani ni soko la mitumba la Gikomba. Tangu soko la Kenya lilipofunguliwa miaka ya 1990 na mitumba ikaingia kwa wingi, mfanyakazi wa nyumbani aweza kuchagua "kamera", yaani nguo ya daraja la kwanza iliyotoka robotani sasa hivi, akavaa gauni lililoshonwa Italia kwa bei ya chakula cha siku chache, na fundi wa cherehani aliye kando akampunguzia kiuno papo hapo. Bei haionekani tena mwilini. Na maadamu fahari haipimiki kwa macho, jicho la mlangoni limebakiwa na kipimo kimoja tu, nacho ni goti.

Kipimo hicho kilipoangukia mikononi mwa wahuni, kiligeuka silaha. Mwezi wa Novemba 2014, katika kituo cha magari ya Embakasi katikati ya mji, kundi la wanaume lilimvua mwanamke nguo hadharani kwa kisingizio cha kumfunza adabu. Tarehe 17 ya mwezi huo wanawake waliandamana Nairobi kudai hiari ya mavazi yao, na kabla ya mwaka kwisha bunge likapitisha kifungo kisichopungua miaka 10 kwa amvuaye mtu nguo kwa nguvu. Ajabu ni kwamba waliojidai walinzi wa stara ndio walioivunja.

Na ile leso yenyewe, isiyotiliwa shaka na mzee yeyote wa kanisa, nayo ilikuwa mtindo mpya kwa watu wa pwani katika karne ya 19, ikaja kupata majina yake ya mafumbo, yale yaandikwayo juu yake, kwa wafanyabiashara kama Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Na si yote ni majina ya kusomwa mbele ya mchungaji. Binti akiirudisha baada ya ibada huikunja taratibu, akasoma jina lake, akacheka kidogo, na pengine akamuuliza mama yule ameinunua duka gani.