Baruku naye alichoka



Mfikirie mhandisi kijana anayeishi Kahama. Amehitimu chuo kikuu, ameajiriwa na kampuni inayouza pampu na vipuri migodini. Kazi yake ni kumsaidia muuzaji kwa utaalamu. Leo yuko Geita, kesho Bulyanhulu, akieleza pampu ipi inafaa na itasukuma maji kutoka kina gani. Biashara ikikamilika, kamisheni ni ya muuzaji. Pampu ikigoma usiku wa manane, simu inayoita ni ya mhandisi. Na muuzaji akiahidi yasiyowezekana, anayeaibika mbele ya mteja ni mhandisi huyo huyo.

Jumapili anakaa kanisani kimya, moyoni akiuliza: "Bwana, haya ndiyo niliyosomea?" Pengine ni wewe, au ni mwanao.

Fungua Yeremia sura ya 45. Ina mistari 5 tu, na inamhusu mtu mmoja: Baruku, mwandishi wa nabii Yeremia. Katika sura ya 36 aliandika gombo zima kwa mkono wake. Mfalme Yehoyakimu akalikatakata na kulichoma moto. Baruku akaanza upya. Na katika sura ya 43, watu walipouchukia ujumbe wa Yeremia, lawama walimtupia Baruku. Kazi ilikuwa yake, jina la mwingine, lawama zikamrudia yeye.

Baruku alilalamika kwamba amechoka na hana raha. Mungu alimsikia, akamtumia ujumbe wake peke yake: asijitafutie ukubwa, lakini uhai wake utalindwa kila aendako.

Je, hiyo ina maana anyamaze? Hapana. Alipoliandika gombo upya, Baruku hakupunguza maneno ili kumpendeza mfalme. Yaliongezwa mengine.

Ndugu mhandisi, hapo ndipo ilipo heshima yako. Bulyanhulu, uliofunguliwa mwaka 2001, ni mgodi wa chini ya ardhi. Maji yasipotolewa, walioko chini wako hatarini. Unaposema, "Pampu hii haiwezi kina hicho," hata kama mauzo yatapotea, unalinda roho za watu usiowajua. Neno hilo umekabidhiwa. Usiliuze kwa bei yoyote.

Nawe mwajiri, soma Yakobo sura ya 5: kilio cha mfanyakazi aliyedhulumiwa ujira humfikia Mungu. Mshirikishe mhandisi kabla ya kuahidi, na mauzo yakifanikiwa, naye apate fungu lake.

Wiki hii, kijana, usinung'unike pembeni. Andika ahadi zilizotolewa bila wewe kuulizwa, nenda kwa bosi wako, zungumza naye kwa adabu. Asipokusikia na ukaamua kuondoka, ondoka kwa amani, mikono yako ikiwa safi.

Bwana akutie nguvu. Jumapili njema.