DAFTARI LA MBIO LINASEMA NINI?

Ndugu msomaji, huenda unalo daftari la shamba. Humo umeandika magunia uliyovuna na mbolea uliyonunua. Mimi ninalo pia daftari la mbio. Nakaa Uyole, Mbeya. Januari mwaka jana nilianza kukimbia alfajiri. Kila nikirudi niliandika tarehe, nilikofika, na jinsi mwili ulivyokuwa. Mistari miwili tu.

Juzi nilikaa jikoni nikalisoma lote. Nilidhani nitajisifu. Kumbe! Machi kurasa ni tupu. Aprili vilevile. Nikarudi nyuma kutafuta sababu. Nilikuwa nakimbia kilometa 5, mara tatu kwa wiki. Ghafla nikaruka hadi kilometa 12, kisa vijana wawili wameniita mzee. Goti likavimba. Kukosa mbio si kitu, lakini na jembe pia lilinishinda. Mama watoto alipalilia viazi peke yake, na mvua ile unaijua. Hilo sikuliandika. Alinikumbusha yeye, pale pale jikoni.

Sasa je, malengo mapya yapangwe vipi? Usiandike "nitakimbia sana". Sana ni ngapi? Andika kitu cha kupimika. Tena ongeza kidogo kidogo: kilometa moja, ukae hapo wiki mbili, uone miguu inasemaje. Mapafu huzoea upesi kuliko magoti, ndiyo maana mtu hujidanganya.

Lengo si lazima liwe umbali. Ndugu yangu wa Iringa alijiwekea mlima ule wa kutoka Ipogolo kwenda mjini, aupande bila kusimama. Alisimama miezi saba. Mwezi wa nane akafika juu. Na ujue kwamba huku kwetu hewa ni nyepesi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari. Mgeni kutoka pwani akihema sana asidhani anaumwa. Akikaa wiki kadhaa, damu yake huongeza chembe nyekundu za kubebea hewa.

Hata mabingwa husoma mwaka wao. Mwaka 1988 Juma Ikangaa alikimbia marathoni ya Boston, kilometa 42 na mita 195. Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde moja. Sekunde moja, ndugu zangu! Mwaka 1989 akarudi, akawa wa pili tena. Novemba mwaka huohuo akaenda New York akashinda, kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Boston 1990? Wa pili, kwa mara ya tatu. Alphonce Simbu naye alikuwa wa pili Boston Aprili 2025. Septemba alichukua dhahabu ya dunia mjini Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, wakatenganishwa kwenye mstari.

Mimi nimefungua daftari jipya. Ukurasa wa kwanza nimeandika: kilometa 10 bila kutembea ifikapo Juni, na 21 kabla ya mvua za Novemba. Jana nimekuta mstari mwingine chini yake, kwa penseli, mwandiko wa mama watoto: "Kwanza palizi."