Waliokufia Mlangoni Melilla

Tarehe 24 Juni 2022, vijana zaidi ya 1,500, wengi wao Wasudani, waliteremka kutoka misitu ya mlima Gurugu, kaskazini mwa Moroko, wakielekea Melilla, mji wa Hispania ulio katika ardhi ya Afrika. Baadhi walishika fimbo na mawe, na walinzi wa pande zote mbili walijeruhiwa. Lakini waliokufa ni wahamiaji: 23 kwa hesabu ya serikali ya Moroko, 37 kwa hesabu ya Amnesty International. Makumi ya wengine hawajaonekana tena.

Vifo hivyo vinaeleweka ukitazama mahali penyewe. Kituo cha mpakani cha Barrio Chino, walikofia, kilitumiwa zamani na wachukuzi wa mizigo. Kina ua mdogo wenye kuta, na milango ya chuma inayozunguka, ya kupita mtu mmoja mmoja. Mamia walibanwa humo, kisha wakarushiwa mabomu ya machozi. Mtu asiyeona wala kupumua hukimbilia palipo na mlango, na aliye nyuma humkanyaga aliyeanguka. Baadaye picha za video zilionyesha majeruhi na maiti wamelala pamoja chini, saa kadhaa juani, askari wa Moroko wamesimama juu yao. Hispania nayo iliwarudisha watu wapatao 470 papo hapo, bila kumsikiliza yeyote.

Kwa nini hawakuomba hifadhi kwa njia halali? Swali hilo huulizwa sana, na ndilo linaloniuma zaidi. Ofisi ya maombi ipo, kwenye kivuko cha mpakani cha Beni Enzar, ila mtu mweusi huzuiwa na polisi wa Moroko kabla hajaifikia. Hata hivyo, mwaka 2020 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliwanyima haki vijana wawili, wa Mali na wa Côte d'Ivoire, kwa hoja kwamba waliparamia uzio ilhali mlango ulikuwepo. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unakataza kumrudisha mtu kwenye hatari. Utajuaje hatari yake usipomuuliza?

Baada ya vifo vya Melilla, Kenya ilidai suala hilo lijadiliwe na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Desemba 2022, waendesha mashtaka wa Hispania walifunga jalada, wakisema hawakuona kosa la jinai kwa walinzi wao. Huko Moroko, mahakama zilikuwa zimeshawafunga jela makumi ya walionusurika.