Soriasisi Inapoingia Viungoni na Kuchelewa Kutambuliwa

Katika parokia zetu za Karagwe na Kyerwa unaweza kumwona muumini ambaye wakati wa kutakiana amani hatoi mkono, na wakati wa mageuzo hapigi magoti. Jirani hudhani ni majivuno. Huenda ni soriasisi iliyoingia viungoni.

Soriasisi hutokana na kinga ya mwili kuchochea ngozi ijitengeneze upesi kupita kiasi. Matokeo yake ni mabaka yenye magamba, hasa viwikoni, magotini na kichwani. Haiambukizi. Picha nyingi vitabuni huonyesha mabaka mekundu ya Wazungu, lakini kwenye ngozi yetu huwa ya zambarau, kijivu au meusi. Ndiyo maana huitwa fangasi, na mgonjwa akapaka dawa ya fangasi miaka nenda rudi. Kwa takribani asilimia 20 hadi 30 ya wagonjwa, kinga hiyohiyo hushambulia viungo, mara nyingi miaka mingi baada ya ngozi kuanza. Nani atakumbuka kumweleza daktari habari za mba alizozizoea?

Tena maumivu ya viungo huku yana majina mengi tayari: malaria, taifodi, brusela kwa wafugaji, uzee, kurogwa. Kipimo cha damu cha baridi yabisi kwa kawaida hutoka hasi, na mgonjwa akaambiwa hana kitu. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachothibitisha ugonjwa huu. Daktari huutambua kwa kutazama na kuuliza: kidole kizima kilichovimba kama soseji, kisigino kinachouma, kucha zenye vishimo kama zilizodungwa sindano, mwili kukakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa.

Utafiti uliofanywa Ireland na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kuchelewa miezi 6 tu kumwona mtaalamu kulihusiana na kulika kwa viungo na kupungukiwa uwezo wa kufanya kazi. Kiungo kilicholika hakirudi. Mama asiyeweza kukunja vidole hachumi kahawa wala hamenyi ndizi. Halali vizuri, huanza kukwepa jumuiya, na sonona huingia polepole. Wakati huo anameza dawa za maumivu za dukani, ambazo zikitumika muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Lipo na la minong'ono. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983, na mabaka mwilini bado huzua maneno. Kweli VVU huweza kuchochea soriasisi, kwa hiyo kupima kunamsaidia daktari kuchagua dawa. Lakini wengi wenye soriasisi duniani hawana VVU, na anayenong'ona humfanya mgonjwa aogope kwenda hospitali.

Dawa zipo. Methotreksati, kwa mfano, humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, kwa kupimwa damu mara kwa mara. Haifai kwa mjamzito, na rubisi iwekwe kando. Anzia Isingiro, Nyakaiga au Nyakahanga, ukiulizia rufaa ya Bukoba au Bugando. Kabla ya safari, piga picha ya kidole kwa simu siku kilipovimba, maana ukifika Mwanza huenda uvimbe umeshapungua.