Miwani ya jua kwa mvuvi: weusi wa kioo si kinga

Kutoka Uvira mpaka Kalemie, jua linatokea upande wa ziwa. Mvuvi anayetoka asubuhi kwenda kuinua nyavu zake, jua linamupiga mara mbili: kutoka juu, na tena kutoka kwenye maji. Anakunja uso, machozi yanatoka, na boya la wavu ao mtumbwi wa mwenzake anauona ukiwa tayari karibu sana. Jicho ni chombo cha kazi kama kasia na wavu, lakini lenyewe halina vipuri sokoni.

Jua linafanya nini kwenye jicho?

Ndani ya jua kuna miale isiyoonekana, inaitwa UV. Ikipiga jicho miaka mingi, inasaidia kuleta mtoto wa jicho, na pia kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho na kutambaa polepole kuelekea mboni. Kwetu karibu na ikweta, miale hiyo ni mikali mwaka muzima. Kila ukipanda mita 1000, inaongezeka kwa asilimia 10 hivi. Kwa hiyo wavuvi wa sambaza kwenye Ziwa Kivu, lililo juu kwa mita karibu 1460, wasijidanganye sababu ya baridi. Mchanga mkavu nao unarudisha karibu asilimia 15 ya miale hiyo. Wamama wanaoanika ndagala ufukweni, habari hii inawahusu pia.

Kosa la wengi

Sokoni wengi wanachagua miwani yenye kioo cheusi zaidi. Lakini weusi ni rangi tu. Nyuma ya kioo cheusi mboni inafunguka, sawa na vile inavyofanya gizani. Kama kioo hakina kinga ya UV, mlango umefunguliwa na mwizi yuko nje. Afadhali kioo chepesi chenye kinga kuliko cheusi bila kinga.

Mambo manne ya kuangalia mbele ya kulipa

1. Alama UV400. Kibandiko kinaweza kudanganya, kwa hiyo jaribu. Wabadilishaji wa pesa wana taa ndogo ya kuchunguza dola. Mwangaza wake ukipita kwenye kioo na uzi wa noti ukaendelea kung'aa vilevile, acha miwani hiyo. Usielekeze taa hiyo kwenye macho. Jaribio hili linakamata miwani mibaya kabisa; kipimo cha hakika kiko kwa mtaalamu wa miwani.

2. Kioo cha polarizi. Hiki kinakata mng'ao wa maji, unaona vizuri mawe na nyavu chini ya uso wa ziwa. Chukua miwani mbili za aina hiyo, weka kioo kimoja mbele ya kingine, kisha zungusha kimoja polepole. Vikiwa vya kweli, pahali vinapokutana panakuwa peusi. Lakini angalia: polarizi peke yake si kinga ya UV. Tafuta vyote viwili.

3. Rangi. Kijivu ao kahawia kinafaa kwa kazi ya mchana. Usiku, hata kwenye uvuvi wa taa, vua miwani ya giza: inakuzuia kuona mitumbwi mingine.

4. Umbo. Chagua inayofunika na pembeni, sababu miale inaingia hata kwa upande. Kioo kiwe cha plastiki ngumu, kisichopasuka vipande. Funga kamba nyuma ya shingo, ongeza kipande kidogo cha boya, la sivyo ziwa litaimeza siku ya kwanza.

Ikishika mchanga, isuuze kwa maji mbele ya kuipangusa. Kufuta kavu kunakwaruza kioo.

Koperative ifanye nini?

Kununua moja moja kunatuacha mikononi mwa muchuuzi. Wanachama wakiunganisha pesa, wanaweza kudai kujaribu miwani kadhaa mbele ya kulipa, na kurudisha zote zikishindwa. Pesa zikiwa kidogo, kinga ya UV itangulie, polarizi ifuate. Asiyepata bado, avae kofia ya ukingo mpana. Hata mwenye miwani aivae.

Na ukiona kinyama kinaota kwenye jicho, ao macho yanaona ukungu, usitie dawa ya majani. Nenda kituo cha afya mapema.