Ukisema UTI, utatibiwa UTI

Asubuhi ya zahanati kwenye vilima vya Kasulu huanza na benchi. Akina mama wa kliniki wamebeba watoto mgongoni, vijana wawili wameegemea ukuta, na mzee wa makamo amekunja daftari lake la matibabu hadi limekuwa kama bomba. Akiitwa anaingia, anakaa, anatazama sakafu. "Mgongo, daktari. Na mkojo unaniunguza kidogo. Nadhani ni UTI."

Usaha aliouona kwenye nguo ya ndani tangu juzi hausemi. Mlango uko nusu wazi, nesi anapita na rejista ya wagonjwa, na tabibu mwenyewe ni kijana wa rika la mwanawe. Simlaumu mzee huyu. Ila kwa kunyamaza kwake, matibabu yameshapotea njia.

Huku Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, hatuna daktari wa familia kama wa Uingereza, anayekujua tangu utotoni. Wa kwetu ni huyu tabibu wa zahanati, na kazi yake inategemea sana masikio. Vipimo vya haraka vya VVU na kaswende anavyo. Vya kisonono na klamidia ni nadra kuvikuta vijijini. Kwa hiyo anafuata mwongozo wa kutibu kwa dalili, ambao Shirika la Afya Duniani limeupendekeza kwa miaka mingi. Mwanamume akisema "natokwa usaha", anapewa siku hiyohiyo dawa za kisonono na za klamidia kwa pamoja, maana magonjwa haya mara nyingi huandamana. Akisema UTI, atapewa dawa ya UTI. Huenda muwasho ukatulia kidogo, wadudu wakabaki.

Kwamba zahanati inaweza kazi hii kulionekana mkoani Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994. Watafiti walichukua jamii 12 za vijijini. Katika 6, watumishi wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu magonjwa ya ngono kwa dalili, dawa zikaletwa bila kukatika, na wananchi wakahamasishwa kuja mapema. Baada ya miaka miwili maambukizi mapya ya VVU huko yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko katika jamii 6 nyingine. Kidonda au uvimbe sehemu za siri ni mlango wa virusi. Ukiuziba, vinapata shida kupita. Baadaye, Rakai nchini Uganda, dawa ziligawiwa kwa watu wazima wote nyumba kwa nyumba, wenye dalili na wasio nazo, na VVU havikupungua. Wataalamu walibishana sana kuhusu tofauti hiyo. Mimi la Mwanza linanigusa kwa jambo moja: wale watu walitembea wenyewe hadi zahanati, wakasema.

Katika magonjwa ya ngono, kaswende ndiyo yenye hila kuliko yote. Huanza na kidonda kisichouma, nacho hufunga chenyewe baada ya wiki chache. Aliyekunywa mizizi wiki hiyo ataapa kwamba mizizi imemponya, na kumbe ugonjwa umeingia ndani, ukisubiri moyo, ubongo au mtoto aliye tumboni. Sindano ya penisilini inautibu.

Kwa wanawake mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa kisonono na klamidia mara nyingi hukaa kimya. Wadudu hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu. Kinachofuata ni maumivu ya tumbo la chini, mimba kutunga nje ya kizazi, au ugumba. Na kijijini mtoto asipopatikana, tunajua vizuri lawama huenda kwa nani. Inaniuma kufikiri ni ndoa ngapi zimevunjwa na usaha ambao mwanamume aliuita UTI.

Sentensi ya kuanzia kumweleza tabibu ni fupi: "Daktari, nina shida ya sehemu za siri, naomba tufunge mlango." Mwanamke anaweza kuomba muuguzi wa kike. Tabibu ana wajibu wa kutunza siri yako, hata kama mnaswali au mnasali pamoja. Na ukiona aibu imezidi kwa sababu pale wote wanakufahamu, panda gari uende kituo kingine. Wapo wa Kibondo wanaotibiwa Kasulu, na si kosa.

Tabibu wetu kijana anainuka, anasukuma mlango hadi ufunge, anarudi kukaa. "Mzee wangu, kuna kingine?"

Kimya kidogo. Kipo. Anakieleza chote, tangu siku ya kwanza, kisha anauliza kwa sauti ya chini, "Na mama watoto je? Yeye haumwi."

"Naye aje, baba. Wiki hii hii. Tukikutibu peke yako, utaambukizwa tena nyumbani."