Maharagi na Moyo Wako



Kabla ya kushuka mgodini unaangalia kofia, taa na viatu vyako. Kabla ya kuendesha mashine unapima mafuta na kujaribu breki. Hiyo ni vizuri. Lakini iko mashine moja inayofanya kazi mchana na usiku, bila siku ya mapumziko, na pengine hujaipima hata mara moja. Mashine hiyo ni moyo wako.

Mara hii tunasema nawe, na mama wa nyumba pia, juu ya mafuta ya damu yanayoitwa kolesteroli, na juu ya chakula ambacho wengi wetu tunakidharau.

KOLESTEROLI NI NINI?

Kolesteroli ni namna ya mafuta yanayotembea katika damu. Si sumu. Ini lenyewe linaitengeneza, na mwili unaihitaji. Ubaya unaanza inapozidi. Hapo inashikamana ndani ya mishipa, kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, kama uchafu unaoziba bomba la maji. Siku moja njia inafungika. Ikifungika kwenye moyo, mtu anashikwa na maumivu makali ya kifua, na pengine anakufa. Ikifungika kichwani, anaanguka na kupooza upande mmoja. Waza jambo hilo likikupata chini ya ardhi, au kwenye usukani wa lori kubwa, na wenzako wako mbele yako.

Tena kolesteroli haiumi. Haileti homa wala kikohozi. Unaweza kubeba mizigo na kucheza mpira, huku mishipa inaziba. Usiseme ni ugonjwa wa wanene peke yao: mtu mwembamba anaweza kuwa nayo, hasa ikiwa ni jambo la ukoo wake. Njia ya kujua ni moja tu: kupimwa damu. Kwa mtu mzima, jumla iliyo chini ya miligramu 200 katika desilita moja ya damu ni vizuri. Kuanzia 240 ni nyingi mno.

NYUZI ZINASAIDIA NAMNA GANI?

Katika mimea tunayokula kuna nyuzi ambazo tumbo haliwezi kuzisaga. Ziko za namna mbili. Za kwanza haziyeyuki katika maji, kama pumba za mahindi. Hizo zinakusaidia kwenda choo vizuri, lakini hazipunguzi sana kolesteroli. Za pili zinayeyuka na kuwa nzito, zenye kuteleza. Mama, wewe unazijua: tazama utelezi wa gombo katika sufuria, au mchuzi wa maharagi unavyokuwa mzito ukipoa.

Sasa sikiliza kazi yake. Ini linatumia kolesteroli kutengeneza nyongo. Nyongo inashuka katika matumbo, inasaidia kusaga mafuta ya chakula, halafu sehemu kubwa inarudi kwenye ini kutumika tena. Ni sawa na maji ya konsantrateri: hayamwagwi yote, yanarudishwa kazini. Lakini nyuzi zile zenye kuteleza zinainasa nyongo na kutoka nayo chooni. Ini linaona nyongo imepungua. Linalazimika kutengeneza nyingine, na ili kuitengeneza linachota kolesteroli katika damu. Hivyo ile ya damu inashuka.

WAGANGA WALIONA NINI?

Sehemu ya elimu hii ilianza karibu nasi. Hugh Trowell na Denis Burkitt, waganga wawili kutoka Ulaya, walitumika miaka mingi Uganda. Waliona kwamba ugonjwa wa moyo uliosumbua Ulaya ulikuwa haba kwa watu wa vijijini, waliokula vyakula vyenye nyuzi nyingi. Katika miaka ya 1970 waliandika sana juu ya jambo hilo.

Mwaka 1984, Marekani, munganga James Anderson na wenzake walitangaza jaribio lao kwa wanaume 20 wenye kolesteroli nyingi. Wengine walipewa pumba za avwane, wengine maharagi, kila siku kwa siku 21. Kolesteroli ilishuka karibu 19 kwa mia. Wale walikuwa hospitalini na walikula nyuzi nyingi sana. Nyumbani faida ni ndogo zaidi. Mwaka 2014 wachunguzi wa Kanada walikusanya majaribio 26 ya maharagi, dengu na jamii yake. Waliona kwamba gramu 130 hivi zilizopikwa, kila siku, zinashusha kolesteroli mbaya kwa 5 kwa mia. Ni kidogo, lakini ni faida unayoweza kuipata katika sufuria yako mwenyewe.

USIONE HAYA

Wazee wetu walipokea maharagi katika posho, pamoja na unga. Leo wengi wanayaita chakula cha gereza. Siku ya mshahara tunanunua nyama yenye mafuta, na mtoto anayekuta maharagi mezani ananuna. Baba, ukila maharagi kwa furaha mbele ya watoto wako, umewafundisha bila maneno.

Fanya hivi nyumbani:

— Pika maharagi mara nyingi katika juma, na ule sahani nzuri pamoja na bukari na mboga. Mafuta ya ngazi yawe kidogo, maana yakizidi yanapandisha kolesteroli, sawa na mafuta ya nguruwe.

— Leta gombo mezani mara kwa mara. Viazi vitamu pia ni vizuri.

— Kula pera, chungwa au embe lenyewe. Maji ya matunda yaliyochujwa yameacha nyuzi nyingi nyuma.

— Ukiweza kununua avwane, uji wake asubuhi unafaa sana.

— Ukienda kazi ya usiku, usibebe mikate ya kukaanga peke yake. Weka maharagi katika kibakuli chako.

Anza polepole na unywe maji ya kutosha. Anayeanza kwa sahani tatu siku moja atajaa hewa tumboni, na wenzake katika lifti ya kushuka mgodini hawatamshukuru! Loweka maharagi usiku, mwaga maji yale, kisha yapike katika maji mapya mpaka yaive kabisa. Maharagi mabichi kidogo yanaumiza tumbo.

JIHADHARI

Maharagi hayafuti madhara ya sigara. Hayachukui nafasi ya dawa. Kama munganga amekupa vidonge vya kolesteroli, vya tansio au vya sukari, usiviache. Mwambie unakula nini, na mfuate. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize kwanza. Na ukisikia uzito au maumivu katikati ya kifua, yakienda mkononi au shingoni pamoja na jasho la baridi, usingoje kazi iishe. Acha kazi, mwite mwenzako, upelekwe hospitalini upesi.

Ndugu, mashine ikiharibika, kampani itanunua nyingine. Baba wa watoto hauzwi katika duka lolote. Juma hili omba kupimwa damu, na jioni ukirudi nyumbani, uliza kama sufuria ya maharagi iko motoni.